Dinari yenye mwanamke juu ya simba, na Kaisari aliyezaliwa Libya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Nimenunua sarafu ndogo ya fedha kwenye gulio la Jumapili kwa pauni 45. Upande mmoja ina mwanamume mwenye ndevu na maneno SEVERVS PIVS AVG. Upande wa pili kuna mwanamke amepanda simba. Muuzaji alisema huyo ni Kaisari wa Roma aliyekuwa Mwafrika mweusi. Mwenzangu kazini anasema nimepigwa, kwa sababu ukingoni kuna wekundu wa shaba. Je, ni ya kweli? Huyo Kaisari alikuwa Mwafrika kweli? Niisafishe kabla ya kumpelekea baba yangu zawadi? Sonara ameipima, gramu 3.1. Picha nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Picha zako nimezikuza mpaka zikaanza kupoteza sura, na sijaona cha kunitia shaka. Sarafu haihukumiwi kwa picha peke yake, lakini kama ningelazimika kuchagua upande, ningekuwa upande wako. Tuanze na huo wekundu, maana mwenzako ameona kitu cha kweli, ila amekifasiri vibaya.

Ulichonunua ni dinari, ile ile ambayo vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo walipatana kulipwa kwa kutwa. Enzi hizo dinari ilikuwa fedha karibu tupu. Mwaka 64 Kaisari Nero akaipunguza uzito, ratili moja ya Kirumi ikatoa dinari 96 badala ya 84, na shaba ikaingizwa. Waliomfuata wakaendelea kuchezea mchanganyiko, huyu akipunguza, yule akirudisha kidogo. Septimius Severus, huyo mwenye ndevu uliye naye, alipokamata madaraka mwaka 193 sehemu kubwa ya dinari bado ilikuwa fedha. Baada ya miaka miwili hivi akaiteremsha kwa mkupuo mmoja mkubwa, ikawa karibu nusu fedha, nusu shaba. Kwa hiyo dinari ya Severus isiyo na shaba ndani ndiyo ingenishangaza.

Swali zuri zaidi ni kwa nini haionekani nyekundu yote. Mafundi wa Roma walikuwa na ujanja wao. Kisahani cha madini kilipashwa moto mpaka shaba ya juu ikaungua, kisha kikaoshwa kwa tindikali iliyoiondoa shaba hiyo. Ikabaki ngozi nyembamba yenye fedha nyingi, na ndiyo iliyopigwa muhuri. Sarafu ikitoka kiwandani inang'aa nyeupe. Ikishapita mikononi mwa watu kwa miaka, pale panaposuguliwa sana, yaani ukingoni, puani na kwenye shavu, rangi ya ndani inaanza kujitokeza. Tazama picha yako ya tatu. Wekundu umetanda ukingoni bila mpaka, ukififia kidogo kidogo kuelekea kwenye herufi. Huo ni uchakavu wa kawaida.

Zipo bandia za kale zilizotengenezwa na watu wa zama hizo hizo: kiini cha shaba kikavishwa karatasi ya fedha, kikapigwa muhuri. Hizo zina dalili nyingine kabisa. Fedha hubanduka kwa vipande, ikaacha kingo kali kama rangi ya ukuta inayomeguka, na chini yake utakuta shaba ya wazi, mara nyingi yenye kutu ya kijani. Tena huwa nyepesi. Gramu 3.1 ni uzito unaomfaa Severus.

Bandia za siku hizi nyingi ni za kumiminwa. Ukipata lenzi ya sonara, izungushe sarafu taratibu ukitazama ukingo pekee. Mstari unaozunguka ukingo wote ni ushahidi kwamba nusu mbili za kalibu zilikutana hapo, na tundu ndogo ndogo kama za povu ni hewa iliyonaswa wakati madini yanaganda. Sarafu yako ina ufa mdogo upande wa saa tisa, na picha ya mwanamke imesogea kidogo kutoka katikati. Hayo yananifurahisha. Dinari ilitengenezwa kwa mkono: muhuri mmoja chini, mwingine juu, kisahani katikati, nyundo ikashuka. Nguvu ya pigo ndiyo hupasua ukingo, na mkono wa binadamu ndio hukosea katikati.

Sasa huyu bwana mwenyewe. Lucius Septimius Severus alizaliwa tarehe 11 Aprili 145 huko Leptis Magna, mji wa bandari pwani ya Libya ya leo, mashariki ya Tripoli. Mji ule uliasisiwa na Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa Lebanoni ya leo, na utajiri wake ulikuwa mafuta ya zeituni. Julius Caesar aliwahi kuutoza faini ya ratili milioni tatu za mafuta kwa mwaka, na mtu hatozwi faini ya namna hiyo ila anayo. Familia ya baba yake ilikuwa ya watu wakubwa wa mji. Yeye akaenda Roma kijana, akapanda ngazi za utumishi hadi akawa gavana wa Pannonia ya Juu, kwenye mpaka wa mto Danube, akiwa na majeshi matatu chini yake.

Mwaka 193 ukaja, na sijui mwaka wenye aibu kubwa kuliko huo katika historia ya Roma. Tarehe 28 Machi walinzi wa Kaisari, wale Praetoriani, walimuua Pertinax, aliyekuwa ametawala siku 87 tu. Kisha wakaunadi ufalme. Matajiri wawili wakashindana kupandisha dau, mmoja ndani ya kambi, mwingine nje ya ukuta, mpaka Didius Julianus akashinda kwa ahadi ya sestersi 25,000 kwa kila askari. Dinari moja ilikuwa sestersi nne, kwa hiyo ni dinari 6,250 kwa kichwa, wakati askari wa kawaida wa jeshi alikuwa akipokea dinari 300 kwa mwaka mzima tangu enzi za Kaisari Domitian.

Severus alipopata habari hakukawia. Tarehe 9 Aprili askari wake walimtangaza Kaisari huko Carnuntum, Austria ya leo, na akaanza safari. Julianus akauawa mwanzoni mwa Juni kabla hata jeshi halijafika. Wale walinzi waliouza ufalme Severus aliwaita nje ya mji, waje bila silaha kana kwamba wanakuja kuapa, akawazungushia askari wake, akawavua vyeo na kuwafukuza, wasisogee Roma tena. Nafasi zao akawapa watu wa Danube. Baada ya hapo alipigana na wenzake wawili waliodai kiti kile kile: Pescennius Niger, aliyeshindwa Issus, Uturuki ya leo, mwaka 194, na Clodius Albinus, aliyeshindwa karibu na Lyon, Ufaransa, tarehe 19 Februari 197. Katikati ya hapo na baada yake akaivamia dola ya Parthia na kuuteka mji wake mkuu Ctesiphon, katika Iraki ya leo.

Vita vyote hivyo vililipwa kwa dinari. Aliwaongeza askari mshahara, akaunda majeshi mapya matatu, akawaruhusu askari kuishi na wake zao. Fedha ya kugharimia hayo haikuwepo migodini, ndiyo shaba ikaingia. Shaba unayoiona ukingoni, kwa maneno mengine, ni mshahara wa askari. Cassius Dio, seneta aliyemjua Severus ana kwa ana na hakumpenda sana, anasema wosia wake wa mwisho kwa wanawe ulikuwa huu: kaeni kwa amani, watajirisheni askari, wengine wote msiwajali. Inawezekana Dio ameyapamba maneno hayo. Ukiitazama sarafu, hata hivyo, unaona ndivyo alivyotawala.

Maneno yanayomzunguka kichwani yanaanzia chini kushoto na kufuata mwendo wa saa, V ikisomwa U: Severus Pius Augustus. Augustus ni cheo. Pius, yaani mwenye kuwaheshimu miungu na wazazi, ni jina alilojipa mwaka 195, na lina kisa. Mwaka huo alijitangaza kuwa mtoto wa Marcus Aurelius, Kaisari aliyekuwa amekufa miaka 15 kabla ya hapo na ambaye hakuwa amemlea wala kumrithisha. Alitaka ukoo wa kifalme, basi akajipachika. Seneta mmoja mwenye ulimi mkali, Auspex, akampongeza: hongera Kaisari kwa kumpata baba. Hata ndevu zile zinazogawanyika ncha mbili chini ya kidevu, na nywele za kusokotasokota, zinamfuata Marcus. Uso huo ni wa mtu anayewaambia askari na walipa kodi kwamba yeye ni wa nyumba ya zamani.

Kwa sababu hiyo huwa nawaambia watu wasimtafutie Severus Uafrika wake usoni. Geuza sarafu.

Huyo mwanamke juu ya simba ndiye aliyenifanya nijibu swali lako kwa kirefu hivi. Maandishi yanasema INDVLGENTIA AVGG IN CARTH, yaani ukarimu wa Maaugusto kwa Carthage. Hiyo G ya pili si kosa la fundi. Ni wingi: Maaugusto wawili, Severus na mwanawe Caracalla, aliyepandishwa cheo hicho mwaka 198 akiwa bado mtoto. Carthage ndio mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, Tunisia ya leo. Mwanamke ni Dea Caelestis, mungu wa kike wa mbinguni, ambaye watu wa Carthage walimwabudu kwa jina la Tanit karne nyingi kabla Mrumi hajakanyaga pale. Roma iliuteketeza mji huo mwaka 146 kabla ya Kristo. Miaka mia tatu na hamsini hivi baadaye, mungu wa mji ule ule anapanda simba kwenye fedha ya Roma, ana radi katika mkono mmoja na fimbo ya enzi katika mwingine.

Chukua lenzi uangalie chini ya simba, upande wa kushoto. Kuna mwamba mdogo, na kutoka kwenye mwamba mistari inayopinda kwenda kulia. Ni maji yanabubujika, simba anayaruka. Kwenye sarafu nyingi sehemu hiyo imechakaa hadi haijulikani ni nini. Yako inasomeka, nadhani hilo hata muuzaji hakuliona, la sivyo bei isingekuwa pauni 45. Wengi huyahusisha maji hayo na mfereji uliojengwa juu ya matao kuleta maji Carthage kutoka milima ya Zaghouan, zaidi ya kilomita 100, wakidhani Severus aliukarabati. Wengine husema ukarimu unaotajwa ni haki za kisheria: sheria za Kirumi zinataja kuwa Severus na Caracalla waliwapa watu wa Carthage, Utica na Leptis Magna hadhi ya ardhi ya Italia, iliyowaondolea kodi ya ardhi. Mimi naona hakuna haja ya kuchagua. Mji unaokunywa maji mapya na usiolipa kodi una sababu mbili za kushukuru. Sarafu hii ilitolewa mwaka 203 au 204, wakati Severus alipofanya ziara Afrika au mara tu baada ya ziara hiyo.

Na si hii pekee. Mwaka 194 alitoa dinari yenye Hercules na Bacchus wakiwa pamoja, walioitwa miungu wa bahati yake. Kwa Mrumi wa kawaida hao ni miungu anaowajua. Kwa mtu wa Leptis Magna hao ni Melqart na Shadrapa, walinzi wa mji wake, wamevaa nguo za Kirumi. Huko kwao alijenga bandari mpya, uwanja mkubwa, barabara yenye nguzo pande mbili, na ukumbi wa mahakama ambao Caracalla aliumalizia mwaka 216. Magofu bado yamesimama na yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kwa hiyo alikuwa Mwafrika? Ndiyo, bila kigugumizi. Alizaliwa Afrika, lugha ya mji wao ilikuwa Kipuniki, yaani Kifoinike cha Afrika Kaskazini, na wasifu wake wa kale unadai kwamba lafudhi ya Kiafrika haikumtoka hadi uzeeni. Unasimulia pia kuwa dada yake alikuja Roma akiwa hajui Kilatini cha kueleweka, Kaisari akaona haya, akampa zawadi na kumrudisha nyumbani. Wasifu huo una uzushi mwingi, lakini hilo la lafudhi watu wengi wa Leicester wenye wazazi wa Tanga watalielewa haraka.

Alikuwa mweusi? Hapo muuzaji amesema zaidi ya anachoweza kukithibitisha. Fedha haina rangi ya ngozi. Dio anamweleza kuwa mfupi, mwenye nguvu mpaka ugonjwa wa jongo ulipomdhoofisha, wa maneno machache na mawazo mengi, na juu ya rangi yake hasemi kitu. Upande wa mama ukoo ulitokea Italia. Upande wa baba ulikuwa wa wenyeji waliochanganyika na Wafoinike. Picha pekee ya rangi iliyobaki ni ubao wa mviringo kutoka Misri, sasa uko Berlin. Pale Severus ana nywele za mvi na ngozi ya kahawia, mkewe Julia Domna, aliyekuwa wa Syria, ni mweupe kuliko yeye, na uso wa mtoto mmoja umefutwa. Wachoraji wa wakati ule walizoea kuwachora wanaume kwa rangi iliyokolea kuliko wanawake, kwa hiyo hata picha hiyo si cheti. Ningemwambia mzee kwamba huyu ni Kaisari aliyetoka Afrika Kaskazini, mtu wa Libya, na ningeishia hapo. Hilo peke yake ni kubwa, halihitaji kuongezewa chumvi.

Ule uso uliofutwa ni wa Geta, mwanawe wa pili. Severus alikwenda Uingereza mwaka 208 kupigana na makabila ya Scotland, akachukua wanawe wote wawili akitumaini kambi itawapatanisha. Akafia York tarehe 4 Februari 211. Kabla mwaka haujaisha Caracalla alimuua Geta, kwa maelezo ya Dio akiwa mikononi mwa mama yao, na akaamuru jina na sura yake vifutwe kila mahali. Kutoka Leicester hadi York ni safari ya treni ya saa chache. Ukipata nafasi, nenda.

Kuhusu kusafisha, jibu ni hapana. Si ndimu, si majivu, si dawa ya meno, si ile dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha. Tindikali ya ndimu itakula shaba iliyomo ndani na kuacha uso wenye vitundu, na hilo halirekebishiki. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyochujwa madini kwa siku kadhaa, uikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini bila kusugua. Ishike kwa ukingo. Usiiweke kwenye vifuko vya plastiki laini vya PVC, hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Karatasi isiyo na asidi inatosha.

Bei: dinari za Severus ni nyingi, na za kawaida huuzwa makumi ya pauni tu. Hii yenye Dea Caelestis hutafutwa zaidi, kwa hiyo pauni 45 ni bei nzuri kwako, ila usitegemee kununulia kiwanja Pongwe. Ukitaka kuilinganisha na nyingine, kuna hazina ya mtandaoni ya bure iitwayo OCRE, ya American Numismatic Society. Andika SEVERVS PIVS AVG na CARTH, utaletewa picha za dinari za muhuri wa aina hiyo kutoka makumbusho mbalimbali.

Limebaki la kuipeleka Tanga, na hapo naomba usiharakishe. Muulize muuzaji ilitoka wapi na akuandikie risiti. Kitu cha kale kilichochimbwa kwenye ardhi ya Uingereza huhitaji leseni kabla ya kutolewa nchini, hata kiwe cha bei ndogo. Kama ilipatikana na kifaa cha kutafutia madini mashambani, kuna maofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango unaosimamiwa na British Museum, wanaoandikisha vitu vilivyookotwa. Sarafu moja pekee kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina ya taifa, lakini mbili au zaidi za fedha kutoka shimo moja huhesabiwa, na aliyeziokota ana siku 14 za kutoa taarifa. Kama inatoka Libya au Tunisia bila karatasi, hiyo ni habari nyingine na si njema. Ukishapata risiti, nitumie nakala yake pamoja na picha ya ukingo mzima, sarafu ikiwa imesimama, mwanga ukitoka upande mmoja.